Siku Mbili za Mama Milimita

Mtu akikwambia kazi ya kusoma mvua ni nyepesi, mwache apite zake. Mama Milimita aliifanya kwa miaka kumi na tisa, kila asubuhi saa tatu kamili, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hata ile wiki aliyoumwa jino mpaka shavu likafura, alikwenda kusoma huku amejifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini. Alikuwa bibi shamba wa eneo lile, na jina alilopewa na wazazi wake wengi hawakulijua. Watoto wa shule ndio walioanza kumwita Mama Milimita, wakubwa wakaiga, naye akaitika. Angefanyaje? Ameolewa na fundi baiskeli ambaye watu wanamwita Pancha, na Pancha naye anaitika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyuma ya ofisi yake, chumba kimoja chenye meza, kabati la faili na dirisha lisilofunga vizuri, palikuwa na kiwanja kidogo kilichozungushiwa waya. Katikati ya kiwanja lilisimama kopo la kukingia mvua, lenye mdomo wa faneli. Maji yaliyoingia humo aliyamimina kwenye glasi ndefu nyembamba yenye mistari, na mistari hiyo ndiyo iliyosema zimenyesha milimita ngapi. Aliandika kwenye daftari, akawapigia simu watu wa hali ya hewa makao makuu, nao wakampa utabiri wa siku kumi. Kisha alivichanganya viwili hivyo, utabiri wao na vipimo vyake, akarekodi sauti yake kwenye simu: pandeni, ngojeni, palilieni, wekeni mbolea. Sauti ilikwenda kwenye kundi la simu la wakulima. Wasio na simu waliisikia pale njia panda, kwenye spika ya duka la pembejeo, ambako mwenye duka aliirudia kutwa nzima kati ya tangazo la dawa ya panya na tangazo la mabomba ya kunyunyizia.

Na watu walimwamini, jamani, walimwamini kupita kiasi. Kuna bwana mmoja aliyeahirisha harusi ya bintiye kwa sababu Mama Milimita alisema Jumamosi itanyesha. Ikanyesha kweli, na upande wa bwana harusi wakamletea bibi shamba kuku wa shukrani. Aliwaonya mara nyingi kwamba yeye si mganga. Wakacheka, wakaendelea kumwuliza hata siku ya kuanika nguo.

Mwaka huu ninaousimulia, watu wa hali ya hewa walisema mapema kwamba mvua zingeanza kwa kusuasua: zinyeshe kidogo, zikatike, ndipo zije zenyewe. Kwa mvua za namna hiyo Mama Milimita alikuwa na kanuni moja aliyowaimbia wakulima mpaka wakaichoka. Usiguse mbegu mpaka vipimo vya siku tatu vifike milimita ishirini na tano. Chini ya hapo, ardhi imelowa juu tu. Mbegu inaamshwa, halafu inakosa cha kunywa, inakufa. Na mbegu ikishakufa hakuna wa kuifufua.

Aliyeishika kanuni hiyo kuliko wote alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Huyu alikuwa mjane mwenye watoto watatu na mashamba mawili, la juu kwenye mteremko na la chini karibu na bonde. Mbegu yake ya mwaka ilikuwa gunia moja tu, basi. Hakuwa na jingine wala hakuwa na pa kulipata. Watoto wale watatu wangekula kutoka kwenye gunia hilo au wasile, na kila mtu katika familia alilijua hilo.

"Mimi sitazami mawingu," wifi alizoea kusema. "Mawingu yana maringo. Namtazama wifi yangu."

Basi mvua ikaja. Jumamosi Mama Milimita alipima kumi na mbili, Jumapili tatu, Jumatatu kumi na tatu. Jumla ishirini na nane! Alijumlisha kwa kalamu, akajumlisha kwa vidole, akatabasamu peke yake ofisini. Jumanne asubuhi akarekodi kwa sauti ya furaha: "Ndugu wakulima, kipimo kimetimia. Pandeni! Anzeni leo, msichelewe." Kabla ya saa sita mashamba yalijaa migongo iliyoinama.

Mvua ikakatika siku hiyo hiyo. Jumatano jua kali. Alhamisi jua kali zaidi. Hilo halikumtisha, kwa sababu milimita ishirini na nane zinaweza kuvumilia siku kadhaa. Kilichomtisha ni tuta lake la mchicha nyuma ya ofisi. Alhamisi, baada ya kusoma kopo na kuandika sifuri, alichomeka kidole kwenye tuta ili aone unyevu umefika wapi. Kidole hakikuzama chote. Chini ya nusu kidole, udongo ulikuwa mkavu na mgumu kama sakafu.

"Ebo!" alisema.

Alichukua jembe, akachimba mahali pengine, akachimba na pa tatu. Kote vilevile. Mvua ya ishirini na nane ilipaswa kulowesha shubiri nzima. Hii ilikuwa mvua ya nani?

Alirudi kwenye kopo, akalitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu alisimike. Kopo lilikuwa jipya. Lile la zamani lilitoboka kitako kwa kutu wakati wa kiangazi, makao makuu wakamletea jingine kwenye boksi pamoja na glasi yake. Kopo lilifika zima, glasi ikafika vipande vipande. Hakuona shida. Aliichukua glasi yake ya zamani kabatini, akaifuta vumbi, akasema glasi ni glasi. Sasa aliinama akasoma kilichochapwa kwenye ukingo wa kopo: nane. Akaigeuza glasi akasoma kitakoni: tano.

Somo hili alifundishwa chuoni siku ya kwanza kabisa, na yeye mwenyewe alishawafundisha vijana wa mafunzo wasiopungua kumi. Kila glasi ina kopo lake. Kopo la inchi nane lina mdomo mpana, linakinga maji mengi zaidi kwa mvua ile ile. Ukiyapima maji hayo kwa glasi ya kopo la inchi tano, mistari inakuzidishia zaidi ya mara mbili na nusu. Alikaa chini kwenye majani akapiga hesabu kwenye kiganja. Akarudia. Akaenda ofisini akaipiga kwenye karatasi, kwa sababu hakukiamini kiganja. Ishirini na nane ilikuwa kumi na moja, tena haikutimia.

Simu ikaita. Walikuwa watu wa hali ya hewa na utabiri wao: siku kumi hakuna mvua. Huenda zikazidi.

Sasa hapo, msomaji, wewe ungefanya nini? Ni rahisi kusema ukiwa umekaa. Ungeshika simu ukawaambia watu, jamani, nimekosea, simamisheni majembe. Naye alishika simu. Aliibonyeza ianze kurekodi, akasema "Ndugu wakulima," akakwama hapo. Miaka kumi na tisa! Aliwaona wote mbele yake, mmoja mmoja, na mdomo ukakataa kufunguka. Akaifuta. Akampigia mkuu wake wa kazi.

Mkuu alisikiliza, akakohoa.

"Umeshamwambia mtu?"

"Bado, mkuu."

"Basi usimwambie. Mvua ikikatika, imekatika. Nani ataihoji? Watalaumu mawingu, watawalaumu wale wa utabiri, wamezoea. Ukiwaambia habari za glasi, mwakani ukisema jambo nani atakusikiliza? Badilisha glasi kimya kimya, mama, tusonge mbele."

"Lakini kuna ambao hawajapanda bado."

"Nimekwambia ninavyoona mimi," mkuu alisema, akakata.

Usiku ule hakulala, lakini hilo lilikuwa jambo dogo. Kubwa lilikuwa Ijumaa asubuhi. Alikuwa kwenye kiwanja cha kopo, amesimama tu, akisikiliza spika ya njia panda. Ilikuwa bado inaicheza sauti yake ya Jumanne. "Pandeni! Anzeni leo, msichelewe." Aliyesema alikuwa yeye, mchangamfu, anayejiamini. Alitamani aende akaichomoe ile spika kwa meno.

Wifi yake akatokea njiani, jembe begani, gunia kichwani limepungua nusu. Alikuwa na haraka na furaha.

"Wifi! Za asubuhi? La juu nimelimaliza jana. Leo namalizia la chini, nikung'ute gunia nipumzike. Wanangu wamegoma kusaidia, wanasema migongo inauma. Migongo! Wana migongo wale?"

Mama Milimita alicheka. Alijisikia akicheka na akajishangaa. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Subiri, wifi. Shusha hilo gunia. Maneno matano tu. Badala yake alijitia kufuta kopo kwa upindo wa kanga.

"Vipi, wifi, unaumwa? Macho mekundu."

"Vumbi tu."

"Pole. Sikucheleweshi."

"Haya. Kazi njema," akasema Mama Milimita.

Wifi akashika njia ya bondeni. Hata alipopotea kwenye kona, Mama Milimita aliendelea kuifuta faneli ambayo haikuwa na doa. Alijiambia kwamba atamfuata baada ya nusu saa. Alijiambia kwamba huenda watu wa hali ya hewa wamekosea, si huwa wanakosea? Alijiambia mengi. Saa sita ikafika, saa nane ikafika, naye bado yuko mezani, amefungua faili la mbolea na hasomi neno.

Jioni mumewe alimtazama akiikoroga chai kwa kijiko, na sukari hajatia.

"Mama watoto, mbona unanitia wasiwasi? Nani amekufa?"

Akamwambia yote: kopo, glasi, nane, tano, mkuu wa kazi. Pancha si mtu wa maneno mengi. Alikuwa na gurudumu mapajani, akaendelea kulizungusha taratibu akitafuta mahali lilipopinda.

"Umejua lini?"

"Jana asubuhi."

"Na dada umemwambia?"

Aliendelea kukoroga chai. Gurudumu likasimama.

"Nimepita kwake nikitoka kazini," Pancha alisema. "Anakung'uta gunia mlangoni. Amemaliza lote. Anakusifu, anasema bila wewe angekuwa bado anatazama mawingu." Akalilaza gurudumu chini polepole. "Kesho asubuhi utasema. Usiposema wewe, nasema mimi, na mimi kwenye kundi lenu la simu simo. Nitapita mlango kwa mlango."

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu alirekodi. Alipiga moyo konde akasema karibu yote. Alisema kipimo kilikuwa na kosa, na kosa ni lake, si la mawingu wala la makao makuu. Alisema milimita zilikuwa kumi na moja. Ambao hawajapanda wasipande, ambao wamebakiza mbegu waitunze, mvua haiko karibu. Ila alipofika mahali pa kusema amejua lini, ulimi ukateleza. "Leo asubuhi nimegundua," alisema. Maneno matatu hayo yalitoka laini kabisa. Akatuma kabla hajajisikiliza.

Loo, watu walisema! Wengine walimtukana kwenye kundi, wakatoka kwenye kundi, wakarudi ili wamtukane tena. Yule bwana aliyeahirisha harusi aliandika kwamba kumbe yule kuku aliliwa bure. Mwenye duka la pembejeo alizima spika siku nzima kwa huzuni, maana watu waliacha kununua mbegu. Mkuu wa kazi alipiga mara nne, na mara ya tano akapokelewa, aliyoyasema hayaandikiki. Lakini karibu nusu ya wakulima walikuwa bado na mbegu ndani, na wale walizificha mbegu zao wakaketi wakingoja. Wachache walipita ofisini wakasema ahsante kwa kuwa mkweli. Hao ndio waliomwumiza kuliko waliotukana. Kila aliposikia neno mkweli, macho yake yaliangalia pembeni.

Wifi hakutukana. Alikuja jioni ya Jumamosi ile ile, akakaa kwenye kiti cha wageni ofisini, akamshika mkono.

"Kila mtu hukosea, wifi yangu. Usijiue kwa mawazo. Huenda ikanyesha."

Siku zilizofuata zilikuwa za matumbo joto. Kila asubuhi saa tatu Mama Milimita alilifungua kopo akijua ni kavu, akaandika sifuri. Mawingu yalikusanyika mchana, watu wakatoka nje wakayatazama, yakasambaratika. Kila siku alijiambia, leo namwambia. Alifika hadi mlangoni kwa wifi mara mbili. Mara ya kwanza alikuta watoto wanakula, akaona si wakati wake. Mara ya pili alikuta wifi anaimba, akarudi. Nyumbani Pancha hakumwuliza kitu, ila hata utani wake wa kawaida aliuacha, na nyumba ikapwaya.

Mvua yenyewe ilikuja siku ya kumi na moja. Ilinyesha Jumatatu mchana na Jumanne kutwa, na kopo, kwa glasi yake mpya iliyoletwa na makao makuu, likatoa milimita thelathini na nne za haki. Waliokuwa wameficha mbegu walitoka mbio kupanda. Palikuwa na vicheko tena mashambani, na jina la Mama Milimita likaanza kutajwa bila matusi.

Alhamisi alijitwisha mfuko wa mbegu aliyokuwa amejiwekea kwa robo eka yake mwenyewe, akaenda kwa wifi. Alimkuta shamba la chini, amepiga magoti kwenye udongo mweusi, anafukua shimo baada ya shimo kwa vidole. Shamba la juu lilikuwa limeota nusunusu, mapengo mengi lakini la kutazamika. Hili la chini lilikuwa tupu mwanzo hadi mwisho. Mbegu zilikuwa zimetoa vimizizi vidogo, zikakauka, zikaoza mvua ilipokuja. Wifi alizipanga kwenye kiganja, akazitazama.

"Nimefukua mistari sita," alisema. "Hata moja."

Mama Milimita alipiga magoti kando yake. Akafukua shimo moja, akakuta uozo. Akafukua jingine.

"Usilie," wifi akamwambia. "Mbona unalia wewe? Angalau la juu litatupa kitu. Mimi kinachonikera ni siku moja tu. Laiti ungegundua Ijumaa! Kama ungegundua Ijumaa, gunia langu lingekuwa na nusu yake, leo hii ningekuwa napanda na wenzangu. Lakini ungejuaje? Hukujua. Mtu halaumiwi kwa asichokijua."

Alikuwa anamfariji. Mkono wake wenye tope ulikuwa begani kwa Mama Milimita, unampapasa, kama anavyopapaswa mtoto aliyeanguka.

"Nilijua Alhamisi," alisema Mama Milimita.

Mkono ukaacha kupapasa.

"Alhamisi ipi?"

"Ile ile. Alhamisi kabla hujapanda huku."

Wifi alionekana anahesabu, midomo inacheza kidogo. Kisha aliuondoa mkono wake begani, akaufuta kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole.

"Ijumaa nilikupita pale ofisini."

"Ndiyo."

"Nina gunia kichwani."

"Ndiyo, wifi."

"Ukaniambia kazi njema."

Mama Milimita alitaka kueleza. Alitaka kusema habari za mkuu wa kazi, habari za sauti aliyoianza akaifuta, habari za miaka kumi na tisa. Aliyafungua mambo hayo yote kichwani mwake, moja moja, na hakuliona hata moja la kusema mbele ya yule mwanamke.

"Nilikwambia," akasema.

Wifi alisimama. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Mbegu uliyoleta iache hapo juu ya tuta. Nitaipanda, watoto hawana kosa." Akainama akachukua jembe lake. "Lakini kuanzia leo usinisomee mvua. Kwenye hilo kundi lenu unitoe. Nitatazama mawingu kama watu wengine."

Mama Milimita aliuweka mfuko juu ya tuta. Alisimama kidogo akingoja pengine ataitwa, akamwona wifi amekwishampa mgongo na anapiga shimo la kwanza. Akapanda mteremko kurudi ofisini, kwa sababu ilikuwa inakaribia saa tatu.